Mlio wa Kipanga

Katika vyote alivyojaliwa daktari wa meno, kilichosifiwa zaidi kilikuwa mikono yake. Wagonjwa walioingia kwake wakiwa wameshika mashavu walitoka wakisimulia mikono. Mama mkwe aliisifia harusini, na jirani mmoja aliisifia msibani, mahali ambapo hakuna aliyemwuliza. Ni mikono myepesi, walisema, haina pupa, inaingia kinywani na kutoka na jino kabla hujamaliza kufumba macho. Mwenyewe alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu kila alipozisikia sifa hizo, kisha akifika nyumbani anamrudishia mkewe moja baada ya nyingine, isije ikapotea hata moja.

Mikono hiyo ndiyo iliyomfaa katika ugonjwa wake wa pili, maana wa kwanza ulikuwa kujipenda. Alikusanya sarafu za kale za fedha, na alizinunua mnadani, katika nyumba ya mnada iliyokuwa ghorofani juu ya duka la miwani. Huko alikuwa mtu na heshima zake. Mlinzi alimfungulia mlango kabla hajaugusa, dalali alimwekea kiti kilekile cha safu ya tatu, na mama mtunza sarafu, ambaye wanunuzi wengine aliwakodolea macho kama wezi wa kuku, kwake aligeuka mpole. "Wewe daktari si wa kuchungwa," alimwambia kila mara. Daktari alilipenda sana neno hilo.

Kabla ya kila mnada huwa kuna siku ya kutazama. Wanunuzi huketi kwenye meza iliyotandikwa kitambaa kinene cha kijani, huletewa sarafu mojamoja, na adabu yake inajulikana: sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, haiguswi usoni, na haiondoki juu ya kitambaa. Ikimponyoka mtu, iangukie pale penye ulaini. Ni adabu ndogo ambayo mtu huifahamu akiambiwa mara moja, na daktari mwenyewe alizoea kuwafundisha wageni, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Safari hii mnadani kulikuwa na Kipanga. Hilo ndilo jina ambalo wakusanyaji waliipa sarafu moja nene ya fedha, yenye kipanga aliyekunjua mabawa upande mmoja na mzani upande wa pili. Iliwahi kutolewa na kampuni ya biashara iliyofilisika kabla sarafu zake hazijazoeleka sokoni, na karibu zote zikayeyushwa zikawa bangili na vijiko. Daktari alikuwa ameitafuta tangu kichwa chake hakina mvi hata moja. Taabu ya Kipanga ni kwamba wajanja huitengeneza kwa bati, wakaichakaza vizuri, na walioumwa hapo ni wengi. Ndiyo maana wakusanyaji walipoisikia walimeza mate, lakini walimeza kwa hadhari. Wauzaji walikuwa dada wawili watu wazima walioachiwa sarafu hiyo na baba yao, wasio na cheti wala ushahidi wowote zaidi ya neno la marehemu.

Siku ya kutazama daktari alifika mapema, akaketi, akaletewa Kipanga. Aliigeuza chini ya lenzi. Mabawa yalikuwa sawa, mzani ulikuwa sawa, ukingo ulikuwa mzima pande zote kama mdomo wa kikombe kipya. Hata hivyo moyo haukutulia. Macho hudanganywa, na alikuwa na fedha za kununua sarafu, hakuwa na fedha za kununua bati.

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na njia yao. Waliisimamisha sarafu juu ya ncha ya kidole, wakaigonga ukingoni kwa sarafu nyingine, wakasikiliza. Bati hutoa mgoto mfupi uliokufa. Fedha halisi huimba. Ni njia nzuri na ni marufuku katika kila nyumba ya mnada yenye akili zake, kwa sababu ambayo hata haihitaji kuelezwa.

Mama mtunza sarafu aliitwa mlangoni kupokea mzigo. Aliwatazama wanunuzi waliokuwamo, akaona ni daktari peke yake, akaenda bila wasiwasi.

Daktari akasimama. Hakuitaka meza, kitambaa kingemeza sauti. Akaenda nayo dirishani, akaiweka juu ya kidole cha shahada, akatoa sarafu ya kawaida mfukoni na kuigonga. Ting. Sauti ilitoka safi, ikakaa hewani, ikachelewa kuondoka. Daktari alitabasamu peke yake kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Angeishia hapo hadithi hii isingekuwapo, lakini alitaka kuisikia tena. Akagonga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na Kipanga ikateleza.

Mikono myepesi, isiyo na pupa, ikairukia. Mkono wa kushoto uliikosa, wa kulia uliipiga ikaenda mbali zaidi, na sarafu ikatua juu ya sakafu ya vigae kwa ukingo. Na hapo ikaimba kwelikweli, kuliko ilivyoimba kidoleni, sauti ndefu ya fedha tupu iliyojaza chumba. Ikabingirika hadi chini ya kiti, ikazunguka, ikalala. Hivyo ndivyo daktari alivyopata hakika kwamba Kipanga ilikuwa halisi.

Alipoiokota aliliona bila lenzi. Ukingoni palikuwa na pengo, dogo kama chembe ya mchele iliyovunjika, jeupe linalong'aa katikati ya weusi wa miaka yote ile. Katika kazi yake aliona mapengo ya namna hiyo kila siku, pembe ya jino la mbele iliyobanduka kwa mtu aliyefungua chupa kwa meno, na kila siku aliwauliza wenye meno hayo, kwa kejeli kidogo, walikuwa wakifikiria nini.

Nyayo zikasikika. Daktari alirudi kitini, hajui alirudije.

"Umeridhika, daktari?" mama mtunza sarafu akauliza.

Muda wa kusema ulikuwa huo. Ulikuwepo kabisa, mpana, na mlango wake wazi. Angesema, "Mama, nimefanya upuuzi," na aibu ingekuwa ya chumba kimoja na mtu mmoja.

"Nimeridhika," alisema, akamkabidhi sarafu, pengo likiwa limeelekea kiganjani mwake mwenyewe. Mama yule akaipokea, akaiviringisha kwenye karatasi laini bila kuitazama. Angeitazama kwa nini, na aliyeirudisha ni daktari?

Jioni mezani, mkewe, ambaye alifundisha hesabu na hakupenda majibu yasiyo na njia, alimwuliza kuhusu Kipanga.

"Ni halisi," daktari akasema, na kwa kitambo kidogo furaha ilimsahaulisha. "Nimeusikia mlio wake kwa masikio yangu."

Mkewe akampongeza, wakaendelea kula.

Siku zilizofuata alikusudia kupiga simu. Hilo ni kweli, na tusimnyime haki yake: alikusudia sana. Lakini kila mgonjwa aliyeingia alimpokea kwa uchangamfu usio wa kawaida, maana mtu akiwa kitini kinywa wazi huwezi kumwacha ukapige simu. Aliyekuja kusafishwa alisafishwa mara mbili. Mzee mmoja aliyekuja kuuliza saa za kazi alijikuta amelazwa na kuchunguzwa hadi magego ya mwisho. Na katikati ya kazi zote hizo daktari alijitengenezea mpango, akaupenda, kwa sababu haukuwa na simu ndani yake. Kipanga ataichukua yeye. Ataichukua kwa bei yake kamili, bei ya sarafu nzima, liwalo na liwe. Wenye mali watapata haki yao, pengo litabaki siri ya droo yake, na hakuna atakayeumia. Alipoufikia mpango huo alijiona mtu mwema tena, hata akapiga mluzi kidogo akinawa mikono.

Siku ya mnada ukumbi ulijaa. Kando yake aliketi muuza vipuri vya magari, ambaye wote walimwita Vipuri, mtu wa maneno mengi na mfuko mnene, adui yake mpendwa wa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba Kipanga itagombaniwa na hao wawili.

"Leo nitakutoa jasho," Vipuri alimwambia.

"Jiandae kufuta la kwako," daktari akajibu, na kwa kweli alitaka hivyo. Alitaka Vipuri apandishe, apandishe mpaka ashindwe, ili yeye alipe hadi dhamiri iridhike.

Kipanga ilipofikiwa, dalali hakuanza kuinadi. Alivua miwani, jambo ambalo dalali yule hakulifanya ila kwa habari mbaya.

"Mabwana na mabibi," alisema, "kuna sahihisho. Asubuhi tulipoipima sarafu hii tumekuta pengo ukingoni, ambalo halikutajwa katika orodha yenu, na picha zilipigwa nyuso tu. Mwenye mali tumemwuliza, naye anasema huenda ni namna ilivyohifadhiwa nyumbani. Tunaiuza kama ilivyo."

Ukumbi ukavuma. Daktari alisubiri mama mtunza sarafu, aliyesimama kando ya meza, amgeukie. Mama yule alikuwa akitazama sakafu, uso umemsawijika, akiwaza bila shaka kama ni yeye.

Vipuri akakunja orodha yake. "Aa, mimi simo. Cheti haina, na sasa pengo. Huenda ni bati lile, limeanza kumeguka."

"Fedha haimeguki," daktari alisema, lakini alisema chinichini.

Dalali alitaja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akaishusha tena, mpaka ikafika mahali ambapo si bei tena, ni matusi, na ukumbi mzima ulikuwa ukitazama kucha zake. Daktari alikumbuka mpango wake mzuri. Hakuna sheria inayomzuia mnunuzi kutaja dau kubwa apendavyo. Angeweza kusimama pale na kutaja bei kamili ya Kipanga nzima. Lakini ukumbi wote ungemgeukia, na Vipuri angeuliza kwa sauti yake ya gereji, "Daktari, kulikoni? Pengo hulioni?" Na swali hilo lina jibu moja tu.

Ataje nusu basi. Hata nusu wangeuliza. Na hapo, katikati ya woga ule, kitu kingine kikamnong'oneza, kitu kidogo chenye meno: kwamba yeye peke yake, katika watu wote wale, aliusikia mlio. Yeye peke yake alijua kwamba kilicholala pale juu ya kitambaa ni fedha.

Akainua kibao chake cha namba ya mnunuzi, kwa bei ileile ya matusi.

Dalali alitafuta mwingine kwa macho, kulia, kushoto, na kule nyuma. Hakuna. Nyundo ikagonga. Watu wakapiga makofi kama wafanyavyo mtu anapookota kitu, na Vipuri akamtwanga bega.

"Una roho ngumu wewe! Mimi nisingethubutu. Umejuaje kama si bati?"

"Macho tu," daktari akasema, akacheka, na kicheko kile akakichukia kikiwa bado kinywani.

Alikuwa akitia saini mezani alipoguswa kiwiko. Mbele yake alisimama mama mtu mzima, mrefu, aliyevaa gauni la kahawia na kilemba kilichofungwa kwa uangalifu wa safari. Alimfahamu kwa kumsikia. Alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya watu wa mtaa wake walianza kuiona dunia mikononi mwake. Alikuwa mkubwa wa wale dada wawili.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mkunga akaishika mikono yake yote miwili, ile ya sifa. "Nimekuja kukuomba radhi. Umenunua kitu kibovu kutoka kwetu, na sisi tulikileta kama kizima. Sikujua, wallahi. Baba alituachia hakina hata mkwaruzo."

Daktari alitazama saini yake, wino haujakauka.

"Ilikuwa kwa mdogo wangu," mkunga akaendelea. "Yeye ni mshonaji. Aliiweka kwenye kopo lake la vifungo, humo humo na mikasi. Nikamwambia, mdogo wangu, itoe humo. Akasema imefungwa kitambaa, haina neno. Leo asubuhi dalali aliponiuliza nikajua papo hapo. Nimempigia simu, nimemwambia maneno ambayo tangu tumezaliwa sijawahi kumwambia. Anakana! Anasema aliitazama siku ya kuileta ikiwa nzima. Nikamwita muongo." Macho yakamjaa, akayafuta kwa ukingo wa kiganja, haraka, kama mtu mwenye kazi nyingine. "Basi, mwanangu. Tusamehe."

Na daktari wa meno, mtu na heshima zake, mtu asiye wa kuchungwa, akasikia sauti yake mwenyewe, pole, ya kitabibu, ile anayotumia kwa wagonjwa wanaoogopa sindano.

"Usijali, mama. Yamekwisha. Nimesamehe."

Alifika nyumbani na Kipanga mfukoni akitamani ardhi ipasuke immeze yeye na koti lake. Hakuiweka kwenye droo. Aliiweka juu ya meza, na mkewe aliacha madaftari ya kusahihisha, akavaa miwani, akaiinua kwa ukingo kama alivyofundishwa.

"Hii ndiyo yenyewe? Umeipataje kwa bei hiyo?"

"Ina pengo. Watu waliogopa ni bati."

"Wewe hukuogopa."

"Nilijua ni halisi."

"Ndiyo, uliniambia. Uliusikia mlio." Mkewe aliipapasa ile sehemu iliyobanduka, akaigeuza kwenye mwanga, akatulia. Alikuwa na utulivu wa darasani, ule unaomfanya mwanafunzi aanze kufuta jibu lake kabla hajaulizwa. "Mlio wake uliusikia wapi? Si huwa mnakaa kwenye kitambaa?"

Daktari akakaa. Angeweza kutunga, na kutunga hakukumshinda siku zile, lakini alikuwa amechoka na uongo kama mtu aliyebeba gunia na hakuna anapoweza kulitua. Akamweleza yote, dirisha, kidole, vigae, karatasi laini. Akamweleza kibao na bei. Akamweleza na mama mwenye gauni la kahawia.

Mkewe hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

"Alipokuomba radhi ulimjibu nini?"

Daktari alitazama mikono yake.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nimesamehe."

Mkewe akavua miwani. "Wewe ukamsamehe yeye," alisema, si kwa kuuliza. Akairudisha Kipanga mezani, taratibu, akayakusanya madaftari yake na kwenda kusahihishia chumbani.

Kwa mkunga alikwenda mwisho wa juma. Alipata njia kwa kuuliza, na kila aliyemwuliza alimwonyesha kwa furaha kwa kuwa yeye au mtoto wake alizaliwa kwa mkono wa mama huyo. Koti lilikuwa na bahasha upande mmoja, yenye fedha za kutimiza bei ya Kipanga nzima, na upande mwingine ilikuwamo Kipanga yenyewe. Alijikaza kisabuni njia nzima. Hotuba alikuwa nayo, ameipanga vizuri, ina mwanzo na mwisho, na katikati palikuwa na maneno "bahati mbaya" mara kadhaa.

Sebule ilikuwa ndogo na safi, na ilikuwa na kitu kisicho sawa ambacho daktari hakukitambua mara moja. Kisha akaona. Pazia la dirishani lilikuwa refu mno, limekunjwa chini na kubanwa kwa pini. Gauni alilovaa mkunga nalo lilikuwa limefumuka pindo upande mmoja, limeshikizwa kwa pini kubwa ya kufungia nepi.

Mkunga alifuata macho yake, akacheka kwa haya. "Usitazame huko, mwanangu. Mshonaji wangu amenisusa. Hapokei simu. Nami nina sindano ndani lakini mkono wangu wa kushona ni wa watu, si wa nguo." Akamletea maji kwenye glasi yenye sahani chini yake. "Najua umekuja kwa ajili ya ile sarafu. Ukitaka kuirudisha nitaelewa. Sisi ndio tuliokukosea."

"Mama," daktari akasema, na hotuba yote, mwanzo na mwisho wake, ikamtoka kichwani. "Niliiangusha mimi."

Mkunga alikuwa ameinama kuweka glasi. Akabaki ameinama.

"Siku ya kutazama. Haikuwa na pengo. Niliitoa mezani, nikaenda nayo dirishani, nikaigonga nisikie mlio, ikaniponyoka. Nikairudisha na sikusema. Halafu nikainunua kwa bei ile. Halafu..." Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. "Halafu ukaniomba radhi."

Mkunga aliketi. Alikaa muda, mikono magotini, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja mambo yanayokuja kwa wakati wake. Daktari akaitoa bahasha, akaitoa na Kipanga, akaviweka vyote mezani kando ya glasi. Alitaka apigiwe kelele. Kelele alikuwa amejiandaa nazo.

"Uliisimamisha juu ya kidole?" mkunga akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Baba alikuwa akitupigia hivyo hivyo. Tukiwa wadogo, tukigombana. Anaiweka kidoleni, anaigonga, anasema atakayenyamaza kwanza ndiye atakayesikia mpaka mwisho. Tunanyamaza wote wawili." Akaichukua Kipanga, akapitisha dole gumba juu ya pengo. "Haikuwahi kumponyoka."

Daktari akainamisha kichwa, na safari hii haukuwa unyenyekevu wa kuonyesha watu.

"Bahasha hiyo sitaigusa leo," mkunga akasema. "Mali ni ya wawili, tutazungumza wawili, kama bado tuko wawili. Unajua nilichomwambia mdogo wangu? Nilimwambia ameharibu kitu cha baba na hana hata uso wa kukiri. Yule! Yule akiunguza nguo ya mtu kwa pasi, anafunga duka, anaibeba, anakwenda nayo hadi mlangoni kwa mwenyewe kabla mwenyewe hajaijia. Nimemjua maisha yangu yote. Nikaacha kumjua asubuhi moja, kwa simu moja."

"Nitakwenda kwake, mama. Nitamwandikia, nita..."

"Simu unayo?"

Alikuwa nayo. Mkunga akanyoosha mkono, akaipokea, akabonyeza namba iliyokuwa kichwani mwake, bila kuitafuta popote. "Yangu akiiona hapokei. Hii haijui." Simu ilianza kuita. Akamrudishia daktari, na daktari akaipokea kwa mikono miwili. "Mimi umeshaniambia," mkunga akasema. "Sasa mwambie yeye. Na usimwambie kwamba wewe ni daktari. Mwambie ulichofanya."

Simu ikapokelewa. Kabla ya sauti ya mtu, daktari alisikia cherehani ikiendelea kukimbia, haraka, ya mtu aliyepokea kwa bega huku mikono ikiwa kazini.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Jina lilimjia mdomoni na heshima zake zote, akalimeza.

"Ni mimi niliyeiangusha Kipanga. Ilikuwa nzima ilipotoka kwako. Niliivunja ukingo, nikanyamaza."

Cherehani ikasimama. Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu ya mtu anayekaa vizuri kitini.

"Uko wapi?" sauti ikauliza.

"Niko kwa dada yako."

"Anasikia?"

Daktari alimtazama mkunga, aliyekuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, vidole vikiminya ile pini ya pindo.

"Anakusikia wewe tu, hajanisikia mimi," yule mshonaji akasema. "Weka simu sauti kubwa. Halafu useme tena, yote, tangu mwanzo, nami nisikie akisikia."

Daktari akaiweka simu juu ya meza, kati ya bahasha na sarafu, akasema tena.